Istilahi za Ndoa, Sheria na Maoni ya Umma

1. Utangulizi

Si muda mrefu uliopita mwandishi wa makala haya alihudhuria kikao mjini Singida. Waliokutana walikuwa walimu wa Kiswahili, makarani wa mahakama za mwanzo na maofisa wa maendeleo ya jamii, nao walikuwa wakizungumzia tafsiri ya hati za serikali. Miongoni mwa mazoezi waliyopewa palikuwa na sentensi moja fupi kutoka katika hojaji ya utafiti wa maoni. Sentensi hiyo iliuliza kama mwananchi angependa, asingejali, au asingependa kuwa na jirani ambaye ni mtu apendaye watu wa jinsi yake. Neno la Kiingereza lililohusika lilikuwa moja tu, lakini lilirudi na tafsiri tano. Wa kwanza aliandika "shoga", wa pili "basha", wa tatu "hanithi", wa nne "mtu afanyaye mambo kinyume cha maumbile", na wa tano "mtu mwenye mapenzi na watu wa jinsi yake".

Tafsiri hizo zilipojaribiwa kwa wenyeji, bibi mmoja aliyewahi kuishi Tanga aliulizwa kwa neno la kwanza. Akajibu kwa furaha: "Mashoga ninao wengi, mwanangu, tena wengine ndio majirani zangu hasa." Mzee mmoja aliulizwa kwa tafsiri ya nne, naye akajibu kwa ukali kuwa mtu wa namna hiyo apelekwe polisi. Watu walicheka jibu la bibi, wakatikisa vichwa kwa jibu la mzee. Lakini tukitazama vizuri tutaona kuwa wote wawili hawakujibu swali lililokusudiwa. Bibi alizungumzia marafiki zake wa kike. Mzee alizungumzia kosa la jinai, maana neno aliloulizwa lilikuwa limekwisha kutoa hukumu. Na bado majibu yao mawili yangeingizwa katika hesabu moja, kisha wataalamu wangesoma hesabu hiyo na kutangaza maoni ya watu wa Singida.

Tangu mwaka 2001 nchi nyingi za dunia zimeruhusu watu wa jinsi moja kufunga ndoa, na wataalamu wamefanya uchunguzi ili kujua kama sheria za namna hiyo hubadili maoni ya umma juu ya watu wanaohusika. Habari hizo hutufikia kila siku kwa redio na magazeti, na mfasiri hutakiwa kuzieleza kwa Kiswahili. Makala haya hayakusudii kupendekeza sheria yoyote, wala kuipinga. Hapa kwetu sheria inaeleweka: kifungu cha 9 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 chaeleza kuwa ndoa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke unaokusudiwa kudumu kwa muda wa maisha yao. Kusudi letu ni kuonyesha namna sheria, maneno na maoni yanavyovutana, na kwa nini mfasiri asiyechagua maneno kwa uangalifu huweza kuharibu maana ya vyote vitatu.

2. Sheria hufundisha maneno: mfano wa nyumbani

Kabla ya kutazama nchi za nje, yafaa tujikumbushe yaliyotokea kwetu. Katika Waraka Na. 1 wa mwaka 1969 Serikali iliwapa wananchi mapendekezo ya kuwa na sheria moja ya ndoa. Hadi wakati huo ndoa ya kanisani, ndoa ya Kiislamu, ndoa ya kimila na ndoa ya bomani zilitawaliwa na taratibu mbalimbali. Sheria ya 1971 haikuzifuta taratibu hizo za kufungisha ndoa, ila iliziweka zote chini ya neno moja. Mwanamke aliyeolewa kwa ng'ombe kijijini Iramba na yule aliyefungia ndoa yake kanisani Singida mjini wakawa wote wana "ndoa" mbele ya mahakama.

Sheria hiyo ilileta pia fikra ambazo hazikuwa na majina yaliyozoeleka. Kifungu cha 160 chasema kuwa mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja kwa miaka 2 au zaidi, hata watu wakawatambua kuwa ni mume na mke, itachukuliwa kuwa wameoana, mpaka ithibitike vinginevyo. Mtu aliyeitwa "hawara" na majirani sasa aliweza kwenda mahakamani na kudai haki kwa "dhana ya ndoa". Vilevile kifungu cha 41 chaonyesha kuwa ndoa haibatiliki kwa sababu tu desturi ya mahari haikutimizwa. Kwa mkoa ambao mahari ya ng'ombe ilikuwa ndiyo kipimo cha ndoa, hilo halikuwa jambo dogo.

Hali kadhalika kifungu cha 114 kiliiruhusu mahakama kugawa mali iliyochumwa na wanandoa kwa juhudi zao wote wawili. Swali likazuka: je, mwanamke aliyepika, kufua na kulea watoto amechangia nini? Katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu la mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikubali kuwa kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuchuma mali hiyo. Tangu hapo neno "mchango" lilipata maana ya kisheria ambayo halikuwa nayo. Leo hata mtu asiyesoma sheria hutamka kwamba mke naye "ana mchango wake".

Je, sheria ilibadili pia mioyo ya watu? Hapa hatuna budi kuwa waangalifu. Kifungu cha 66 cha sheria hiyohiyo chatamka wazi kuwa mtu hana haki ya kumwadhibu mume au mke wake kwa kumpiga. Hata hivyo, uchunguzi wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015 hadi 2016 ulionyesha kuwa asilimia 58 ya wanawake na asilimia 40 ya wanaume walikubali kuwa mume anaweza kuwa na haki ya kumpiga mkewe kwa sababu moja au nyingine. Miaka zaidi ya 40 ilikuwa imepita. Tunajifunza kwamba sheria huweza kuwapa watu neno na kuwapa haki, na mioyo ikabaki nyuma kwa muda mrefu. Fundisho hili litatusaidia tunapotazama habari za nje.

3. "Kuoa", "kuolewa" na "kuoana"

Kiswahili kina jambo ambalo baadhi ya lugha nyingine hazina. Kwa kawaida mwanamume huoa na mwanamke huolewa, na mzazi huoza. Sarufi yenyewe imegawa kazi: mmoja mtenda, mwingine mtendwa. Kwa sababu hiyo mfasiri akikuta habari ya wanaume wawili waliofunga ndoa Uholanzi, mara hujiuliza: nani kaoa na nani kaolewa? Wengine hujibu swali hilo kwa kubuni, wakamfanya mmoja "mume" na mwenzake "mke", ingawa matini ya asili haikusema hivyo. Kubuni huko ni kosa la tafsiri.

Dawa ya tatizo hilo imo ndani ya lugha yetu wenyewe. Kauli ya kutendana, "kuoana", haitaji mtenda wala mtendwa. Twasema "Juma na Asha wameoana" bila kueleza nani alitangulia. "Kufunga ndoa" nako ni vivyo hivyo. Kwa hiyo "wanaume wawili wameoana" na "wanawake wawili wamefunga ndoa" ni sentensi sahihi kisarufi, na hazimwongezei msomaji jambo lisilokuwapo. Badala ya "mume" na "mke", mfasiri aweza kutumia "mwenzi wa ndoa". Ajihadhari lakini na neno "mwenza", kwa sababu katika masikio ya wengi "mke mwenza" ni mke mwenziwe katika ndoa ya mitala.

Wako wanaodhani kuwa ndoa ya wanawake wawili ni jambo geni kabisa kwetu, na wako wanaodhani kuwa ni jambo lilelile la Ulaya. Wote wamekosea. Miongoni mwa Wakurya wa mkoa wa Mara ipo desturi iitwayo nyumba ntobhu. Mwanamke, aghalabu aliyekwisha kuwa na umri na asiye na mtoto wa kiume, humtolea mahari mwanamke kijana na "kumwoa". Kijana huyo huzaa na mwanamume, na watoto huwa wa nyumba ya yule aliyetoa mahari. Kusudi ni kupata warithi na wasaidizi, wala si mapenzi ya mwili kati ya wanawake hao. Desturi inayofanana nayo ipo kwa Wanandi wa Kenya, na mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Kenya mjini Mombasa ilimtambua mwanamke aliyeolewa kwa njia hiyo kuwa na haki katika mirathi. Basi mfasiri akiiita nyumba ntobhu "ndoa ya jinsi moja" bila maelezo, msomaji atafahamu jambo lisilo lenyewe. Jina linalofaa ni "ndoa ya nyumba" au jina la kienyeji likifuatwa na ufafanuzi. Istilahi huonyesha kitu pamoja na kazi yake. Watu wawili wa jinsi moja waweza kuwamo katika ndoa za namna mbili zisizohusiana hata kidogo.

4. Mambo matatu yasiyopaswa kuchanganywa

Katika habari za sheria zinazowahusu watu hawa, kuna hatua tatu ambazo magazeti yetu mara nyingi huzifunika kwa neno moja, "kuhalalisha". Ni vema tuzitenganishe.

Hatua ya kwanza ni kufuta kosa, maana yake sheria ya jinai haimwadhibu tena mtu mzima kwa tendo alilolifanya kwa hiari na mtu mzima mwenziwe. Msumbiji ilifanya hivyo kwa sheria mpya ya adhabu iliyoanza kutumika mwaka 2015. Botswana ilifikia hapo kwa hukumu ya Mahakama Kuu ya mwaka 2019, iliyothibitishwa na Mahakama ya Rufani mwaka 2021. Katika nchi hizo mbili kosa lilifutwa, lakini ndoa haikuruhusiwa.

Hatua ya pili ni kukataza ubaguzi, yaani mtu asinyimwe kazi, nyumba, matibabu au haki ya kukusanyika kwa sababu ya mwelekeo wake. Tarehe 24 Februari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kwa wingi wa majaji 3 dhidi ya 2 kuwa kukataa kusajili chama cha watu hao kulikuwa ubaguzi. Hukumu ile ilihusu usajili wa chama. Vifungu vya jinai vya Kenya vilibaki kama vilivyokuwa, na Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 45, inaendelea kutaja haki ya kufunga ndoa na mtu wa jinsi tofauti. Hata hivyo wako watu walioipokea habari ile kana kwamba mahakama imeruhusu ndoa. Neno "kuhalalisha" lilichangia kuwapotosha.

Hatua ya tatu ndiyo kutambua ndoa. Uholanzi ilikuwa ya kwanza, tarehe 1 Aprili 2001. Katika Afrika ni Afrika Kusini peke yake, iliyopitisha sheria yake mwaka 2006 baada ya hukumu ya Mahakama ya Katiba ya tarehe 1 Desemba 2005. Marekani ilifuata kwa nchi nzima kwa hukumu ya Mahakama Kuu ya tarehe 26 Juni 2015. Katika Asia, Taiwan ilianza mwaka 2019 na Thailand mwaka 2025. Kati ya hatua ya pili na ya tatu kuna nchi zilizoanzisha kwanza usajili wa wenzi bila kuuita ndoa, kama Denmark mwaka 1989. Huo tungeuita "ushirika wa maisha uliosajiliwa", wala si ndoa.

Nchi nyingine zimekwenda upande wa pili. Uganda iliingiza marufuku ya ndoa ya watu wa jinsi moja katika Katiba mwaka 2005. Ikapitisha sheria ya adhabu mwaka 2014, ambayo mahakama iliibatilisha tarehe 1 Agosti mwaka huohuo kwa kuwa akidi ya Bunge haikutimia, kisha ikapitisha nyingine kali zaidi mwaka 2023. Zanzibar ilirekebisha sheria yake ya adhabu mwaka 2004. Tanzania Bara ina kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, ambacho maneno yake ya "kinyume cha maumbile" yalirithiwa kutoka utawala wa Mwingereza. Yafaa ikumbukwe kuwa kifungu hicho kinataja tendo, na tendo hilo laweza kufanywa pia na mwanamume na mwanamke. Hakitaji aina ya mtu. Anayeyatumia maneno hayo kama jina la kundi la watu ameigeuza sheria.

5. Je, sheria hubadili maoni?

Sasa twaweza kulijibu swali lililo kiini cha makala haya. Kwanza tutenganishe fikra mbili ambazo Kiswahili cha kila siku huziita zote "maoni". Ipo itikadi ya mtu mwenyewe, yaani anavyoona moyoni kuwa jambo ni jema au baya. Ipo pia dhana yake juu ya wengine, yaani anavyofikiri kuwa jamii inakubali nini. Fikra hii ya pili tunapendekeza iitwe "kawaida inayodhaniwa".

Wataalamu wawili wa saikolojia, Margaret Tankard na Elizabeth Levy Paluck, walichunguza Wamarekani kabla na baada ya hukumu ya Juni 2015. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2017, yalionyesha kuwa hukumu ile ilibadili kawaida inayodhaniwa: watu waliona kuwa Wamarekani wenzao wengi zaidi wanaiunga mkono ndoa hiyo. Lakini itikadi zao wenyewe hazikubadilika kwa kipindi hicho. Kwa maneno mengine, sheria iliwaambia watu jirani zao wanafikiri nini, haikuwaambia wao wafikiri nini.

Uchunguzi mwingine, wa Eugene Ofosu na wenzake, ulichapishwa mwaka 2019. Huo ulitumia majibu ya watu wengi wa majimbo yote ya Marekani kwa muda wa miaka zaidi ya 10. Waliona kuwa chuki ilikuwa ikipungua hata kabla ya sheria, na kwamba katika majimbo yaliyopitisha sheria yao yenyewe ilipungua kwa kasi zaidi baada ya hapo. Kinyume chake, katika majimbo ambayo hayakuwa yamepitisha sheria, yakaletewa hukumu kutoka juu, chuki iliongezeka. Sheria ileile ilizaa matunda mawili, kutegemea kama watu waliiona kuwa yao au ya kuletewa.

Afrika Kusini inatupa mfano ulio karibu nasi. Katika uchunguzi wa maoni uliofanywa mwaka 2015, miaka 9 baada ya sheria ya ndoa, asilimia 72 ya watu walisema kuwa tendo la mapenzi kati ya watu wa jinsi moja ni kosa kimaadili. Lakini katika uchunguzi uleule asilimia 51 walikubali kuwa watu hao wanastahili haki za binadamu sawa na raia wengine. Msomaji asidhani kuwa watu hao walijipinga. Walijibu maswali mawili tofauti: moja la maadili, jingine la haki. Mfasiri anayetumia neno moja, "kukubali ushoga", kwa maswali yote mawili amelifuta jambo lenyewe lililogunduliwa.

Vilevile Afrobarometer, katika uchunguzi wa mwaka 2014 hadi 2015 katika nchi 33 za Afrika, iliuliza lile swali la jirani. Kwa wastani ni asilimia 21 tu waliosema kuwa wangependa au wasingejali kuwa na jirani wa namna hiyo. Nchi nne zilizidi nusu: Cape Verde asilimia 74, Afrika Kusini 67, Msumbiji 56 na Namibia 55. Ni Afrika Kusini peke yake kati ya hizo iliyokuwa na sheria ya ndoa. Kwa hiyo hatuwezi kusema kuwa sheria ya ndoa ndiyo chanzo pekee cha uvumilivu. Mambo mengine, kama elimu, miji, dini na historia ya kila nchi, yana sehemu yake.

Kutokana na hayo yote twaweza kusema hivi: sheria hubadili kwanza kile ambacho watu huthubutu kukisema hadharani. Huu ni ukweli kwa sheria inayotambua na kwa sheria inayoadhibu. Hata tamko la kiongozi lisilo sheria huweza kuchukuliwa kuwa ndiyo kawaida. Mwezi Novemba 2018 Serikali ya Tanzania ilieleza kuwa tangazo la kiongozi mmoja wa mkoa kuhusu kuwasaka watu hao lilikuwa maoni yake binafsi, si msimamo wa Serikali. Tofauti kati ya "maoni binafsi", "msimamo wa Serikali" na "sheria" ni tofauti ambayo mfasiri hana ruhusa ya kuipoteza, maana kuna watu ambao usalama wao hutegemea tofauti hiyo.

6. Majina ya watu

Tukirudi kwenye kikao cha Singida, tuyapime yale majina. "Shoga" kwa wanawake wa pwani ni rafiki mpenzi wa kike, na ni neno la heshima. Kwa mwanamume neno hilohilo ni tusi. Kamusi zetu huonyesha maana zote mbili. "Basha" huonyesha upande mmoja tu wa uhusiano. "Hanithi" hutumika pia kwa mwanamume asiye na nguvu za kiume, jambo ambalo ni ugonjwa na halihusiani na mapenzi. Wengine huchanganya hayo yote na "huntha", yaani mtu aliyezaliwa na maumbile ambayo si ya kiume kamili wala ya kike kamili. Hivyo mgonjwa, mtu aliyezaliwa na maumbile yake, na mtu mwenye mapenzi na watu wa jinsi yake hutupwa wote katika kapu moja.

Zaidi ya hayo, kuna tofauti ya mahali pa kutumia. Idara za afya, zinapozungumzia ukimwi, huandika "wanaume wanaofanya mapenzi na wanaume", kwa sababu daktari anahitaji kujua tendo. Sheria ya jinai hutaja kosa. Mtafiti wa maoni hutaka kutaja mtu bila kumsifu wala kumshutumu. Neno moja haliwezi kufanya kazi hizo tatu.

Kuhusu "jinsi" na "jinsia", ni dhahiri kuwa magazeti yamekwisha kuzoea "ndoa ya jinsia moja". Lakini katika maandishi ya kitaalamu "jinsi" hutaja maumbile ya kike au ya kiume, na "jinsia" hutaja nafasi ambazo jamii humpa mwanamke au mwanamume. Tuonavyo, maandishi ya sheria na utafiti yafuate tofauti hiyo, na magazeti yasilaumiwe kwa lililokwisha kuenea.

7. Mapendekezo

Kwa sababu zilizoelezwa, tunawapendekezea wafasiri na walimu istilahi zifuatazo, ili zijadiliwe:

(a) Ndoa ya watu wa jinsi moja: ndoa inayotambuliwa na sheria kati ya wanaume wawili au wanawake wawili.

(b) Haki sawa ya kufunga ndoa: kwa sheria zinazoondoa sharti la jinsi tofauti. Isisemwe "usawa katika ndoa", maana kwetu maneno hayo yamekwisha kumaanisha haki sawa za mume na mke, kama katika mjadala wa umri wa kuolewa ulioamuliwa na Mahakama Kuu mwaka 2016 na Mahakama ya Rufani mwaka 2019.

(c) Ushirika wa maisha uliosajiliwa: muungano ulioandikishwa kisheria usioitwa ndoa.

(d) Kufuta kosa, kukataza ubaguzi, kutambua ndoa: kwa zile hatua tatu, badala ya "kuhalalisha" peke yake.

(e) Mwelekeo wa mapenzi: hali ya mtu kuvutwa na watu wa jinsi yake, wa jinsi nyingine, au wa jinsi zote mbili.

(f) Wachache kwa mwelekeo wa mapenzi: kwa kundi zima. "Wachache wa kijinsia" yaepukwe, kwa kuwa msomaji hudhani wanasemwa wanawake au wanaume waliopungua idadi.

(g) Mwenzi wa ndoa: mume au mke bila kutaja jinsi.

(h) Kawaida inayodhaniwa: kile ambacho mtu anafikiri jamii yake inakubali.

(i) Ndoa ya nyumba: kwa desturi kama nyumba ntobhu, ili itengwe na (a).

Istilahi hizi si fupi zote. Lakini afadhali maneno matatu yanayosema jambo lililokusudiwa kuliko neno moja linalosema na lisilokuwapo.

8. Hitimisho

Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama zetu zote. Mahakama za mwanzo zilikitumia tangu zamani, lakini sasa mzigo wa istilahi umekuwa mkubwa zaidi. Karani wa Kiomboi au wa Manyoni anayeandika maelezo ya shahidi, mwuguzi anayejaza kadi ya mgonjwa, na mtafiti anayegonga mlango wa mwananchi, wote hushika maisha ya mtu kwa neno. Ikiwa neno hilo ni tusi, mgonjwa hatarudi hospitali. Ikiwa neno hilo ni hukumu, shahidi atanyamaza, na hakimu atakosa ushahidi.

Mwananchi ana haki ya kuwa na maoni yake juu ya ndoa, na Bunge lina madaraka ya kutunga sheria. Kazi ya mfasiri ni kuhakikisha kuwa maoni hayo yanatolewa juu ya jambo lenyewe. Bibi wa Singida alistahili kuulizwa swali alilolielewa, na mzee naye alistahili kuulizwa swali ambalo halikuwa limekwisha kujibiwa kwa niaba yake. Wasomaji wenye istilahi bora kuliko hizi wanaombwa wazilete, ili zipimwe na wenzao kabla hazijaingia katika vitabu.